Walidhani Nimepata Safari

Wapendwa wa kanisa, mniruhusu nishike hiki kiti nikitoa ushuhuda wangu. Woga upo, lakini mdomo unataka kusema.

Mama yangu alikufa nikiwa mtoto, kule Uvira, Kongo. Shangazi aliyenichukua akatangaza kwamba mimi ndiye niliyemloga. Nikalala jikoni, watoto wenzangu wakakatazwa kula sahani moja na mimi. Ndugu zangu, nawaambia, mtoto akiitwa mchawi kila siku, mwisho anaamini.

Nilifika Durban mwaka 2012, nikapata kazi ya kusuka, saluni moja ya Overport. Hofu ilikuja na mimi. Mteja akiumwa kichwa, nawaza: ni mimi. Mtoto wa jirani akilazwa, nawaza: ni mimi. Usingizi ukapotea, chakula kikakataa kushuka. Nikaamua nife, watu wapone.

Nikaanza kugawa vitu. Vitana nikampa huyu, blanketi langu zuri yule. Na sisi wakimbizi tunajuana! Mtu akigawa vitu kimya kimya, tunasema jina lake limetoka kwenye orodha ya UN, anaenda Kanada, anaficha asionewe wivu. Wakafurahi: "Félicitations! Hongera! Ukifika usitusahau!" Hata ninyi hapa mliniombea safari njema. Mnacheka? Mimi pia nilicheka.

Ni mama mmoja tu hakufurahi. Tulikuwa tunasuka pamoja, yeye upande wa kulia wa kichwa cha mteja, mimi kushoto. Mteja alipoondoka, akafunga mlango.

"Mwanangu, mtu wa safari anauliza bei ya valizi ya kupakia nguo. Wewe haukuuliza kitu. Unataka kujiua?"

Eish! Neno lenyewe, mchana kweupe. Nikasema, "Ndiyo, mama."

Hakupiga kelele, hakukemea pepo. Akasema, "Basi leo unalala kwangu." Kesho yake akanipeleka kliniki, tukakaa wote kwenye benchi mpaka nesi akaniita. Miezi mingi nilimsimulia mshauri pale mambo ya jikoni kwa shangazi. Hofu haijaisha yote. Siku nyingine inarudi, lakini sasa najua nimpigie nani.

Mama, uko hapo nyuma, usijifiche: aksanti sana. Aksanti na nesi, na mshauri wangu.

Ninyi wengine, mtu wenu akianza kugawa vitu, kabla ya kumpongeza, mumuulize. Mumuulize kwa neno lile lile, msiliogope. Halitamuua. Mimi niliulizwa, na niko hapa.