Kuhara kwa Mtoto wa Waridi

Iliasi alikuwa akiwapeleka Kasongo abiria wawili wasiojuana kwa pikipiki moja, na mgongoni mwake kulikuwa kumefunguliwa chuo kikuu cha utabibu.

“Mama, kuhara huko iko meno inaota tu,” alitangaza Zacharie, mchimba dhahabu wa Salamabila.

“Papa, meno gani yanakausha machozi?” aliuliza Waridi. “Mutoto analia tangu asubuhi, macho makavu.” Akafinya ngozi ya tumbo la mwanawe na kuiachia, ikabaki imesimama.

Profesa Zacharie akafinya kitambi chake mwenyewe. “Mbona yangu inarudi?”

“Basi wewe ni mzima, maji haijakuishia mwilini kama huyu; utangoja. Dereva, simama pale dispansere!”

Iliasi, aliyekuwa akikwepa mashimo kwa heshima, sasa aliyapita katikati. Alipofunga breki, Waridi alikimbilia ndani na mtoto. Zacharie alibaki kwenye kiti, akimweleza Iliasi habari za magego.