Mama Constance na Magari Matatu Yaliyokuwa Mazima

Mama Constance Nyassa anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na mmoja katika redio yetu ya jamii hapa Baraka. Aliingia studio ikiwa chumba kimoja chenye magodoro ukutani ya kuzuia kelele za soko. Anaondoka tukiwa na vyumba vitatu na magodoro yale yale.

Kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini Fizi. Siku moja alileta tangazo la mkutano wa wazazi. Mtangazaji wa zamu alikuwa hajafika, akaombwa alisome mwenyewe. Alilisoma, kisha akasoma na lililofuata, la mbuzi aliyepotea. Mbuzi alipatikana jioni ile. Mkurugenzi wa wakati huo alisema kwamba sauti inayorudisha mbuzi nyumbani haiwezi kuachwa irudi kufundisha hesabu.

Tangu mwaka wa pili amekuwa na kipindi chake, Soko na Barabara, kila Alhamisi jioni: ndagala, yaani dagaa wa ziwani, wanauzwaje Kazimia, muhogo umepandaje, daraja gani limebomoka, lori gani limelala matopeni na tangu lini. Umeme wa jua ulipokatika katikati ya kipindi, alifungua dirisha na kuwamalizia habari waliokaa nje. Wapo wanaosema hadi leo kwamba taarifa za dirishani zilikuwa bora, kwa sababu mtu aliweza kuuliza swali. Kila mwaka ni yeye aliyesoma taarifa ya kumbukumbu ya waliouawa Makobola wakati wa vita. Aliisoma bila kupandisha sauti na bila kuongeza neno, na hakuna mwingine aliyeomba kupewa kazi hiyo.

Lakini ukimtaja mjini, mtu wa kwanza utakayekutana naye atakuuliza kama ndiye yule wa gari la Kijerumani. Ndiye. Kwa kuwa wamo kati yetu wafanyakazi wapya walioisikia habari hiyo nusu nusu, tunaiweka hapa nzima.

Mwaka 2021 mfanyabiashara mmoja wa Uvira alianza kuuza pikapu mpya kutoka Ujerumani. Huku tulizoea magari ya Kijapani yaliyokuja yakiwa yameshatembea nusu ya dunia, yenye milango ya rangi mbili. Hili lilikuja likinuka plastiki ya kiwandani, viti vikiwa bado na nailoni. Watu hawakuhangaika na jina lake la kiwandani. Waliliita Allemand, Mjerumani kwa Kifaransa, basi.

Baraka walilinunua watu watatu. Wa kwanza alikuwa Dieumerci, anayechukua ndagala wakavu Kazimia na kuwapeleka Uvira. Wa pili ni Pasta Élie, ambaye waumini wake walichanga ili aweze kufika kwenye makanisa ya vijijini. Wa tatu ni Gad Kamanzi, mfanyabiashara wa ng'ombe na jibini kutoka nyanda za juu. Kila gari lilipofika lilifanyiwa kama desturi yetu inavyotaka: majirani waliitwa, chakula kikapikwa, mtumishi wa Mungu akaweka mkono juu ya boneti na kuomba, wote wakaitika amina na kunywa soda.

Ni hapo matatizo yalipoanza, na si kwa sababu ya soda. Gari likishaombewa mbele ya mtaa mzima, mwenye gari hawezi kusema kesho yake kwamba limeharibika. Akisema hivyo, watu watauliza maombi yalikwenda wapi, au fedha ya kulinunulia ilitoka wapi, na wenye wivu watalala vizuri. Kwa hiyo gari lililobarikiwa huwa zima. Likigoma, fundi huitwa nyuma ya uzio na kuombwa asigonge kwa nguvu.

Dieumerci alionekana na watu wengi akivutwa na lori la mchanga kutoka upande wa Kazimia. Alieleza, akiwa ameshika usukani, kwamba anapunguza matumizi ya mafuta. Pasta Élie alianza kuwatembelea waumini kwa miguu. Alisema daktari amemshauri atembee. Gad alisema gari lake linapumzika, kama ng'ombe aliyezaa, kwani hata ng'ombe aliyezaa huwezi kumpeleka sokoni kesho yake. Alipoulizwa gari limezaa nini, alicheka na kubadilisha mazungumzo.

Mambo yangebaki hivyo kama si Clarisse. Alikuwa mkunga mkuu wa kituo kidogo cha afya kwenye barabara ya Lubondja. Akina mama waliopata shida ya kujifungua walibebwa kwa kipoyi, ile machela ya miti, hadi wanapoweza kupata gari, na mito ya njia ile hupitwa kwa kuingia majini. Kamati ya kituo ilikuwa imekusanya fedha kwa misimu ya mavuno kadhaa ili wanunue gari moja. Fedha ya gari la pili haikuwepo na haingekuwepo. Wanakamati walitaka Allemand, maana wenye Allemand wote walilisifu. Clarisse alikuwa asafiri kwenda Uvira kununua wiki mbili baadaye. Alipitia studioni kwanza.

"Mama Constance," alisema, "mi nataka gari yenye haiwezi kuniacha mu mayi na mama ya mimba. Hiyo tu. Rangi sina shida nayo."

Mama Constance alifanya ambacho mwandishi yeyote angefanya: aliwaalika wenye Allemand wote watatu kwenye kipindi na kuwauliza uzoefu wao. Lilikuwa kosa, na alijua hivyo kabla ya wimbo wa kwanza. Dieumerci alisema gari lake liko zima. Pasta alisema lake liko zima, kwa neema. Gad alisema lake liko zima kupita yale mawili. Wasikilizaji walipiga simu kuwapongeza. Kwa maneno mengine, redio yetu ilitoa saa nzima ya tangazo la biashara bila malipo.

Kilichomwokoa ni chai. Baada ya kipindi wageni walipewa chai uani, kama kawaida. Dieumerci alimvuta Mama Constance pembeni na kumuuliza kama ni kweli pasta anatembea kwa ushauri wa daktari, kwa sababu yeye amesikia mengine. Pasta naye, akiaga, alimwomba wamkumbuke Gad katika maombi, maana gari lake linamtesa, maskini. Gad alingoja wote waondoke, kisha akanong'ona kwamba lori la mchanga lililomvuta Dieumerci ni la shemeji yake, na shemeji hakusikia habari yoyote ya kupunguza mafuta.

Mama Constance alirudi ndani na kusema sentensi ambayo leo imebandikwa juu ya mlango wa chumba cha habari: "Kumbe tulikuwa tunauliza mwenye kitu. Tuulize jirani."

Alhamisi iliyofuata aliwaalika tena. Walikuja wakiwa wamevaa vizuri zaidi ya mara ya kwanza, tayari kusifu. Aliwaambia hewani kwamba leo hakuna atakayeulizwa habari za gari lake, kwani hizo tulishazisikia na tumeridhika. Leo kila mmoja aeleze gari la mwenzake.

Kisha akamgeukia muuza ndagala.

"Papa Dieumerci, gari ya pasta inaendelea namna gani?"

"Ile ya pasta?" Dieumerci alivuta kiti karibu na kipaza sauti. "Tumuhurumie tu. Inaingia mu mayi vizuri, inatoka ngambo, inatembea kidogo, taa ya manjano inawaka, inafunga macho. Unangojea jua iikaushe. Saa ingine inaamka yenyewe, sawa hakuna kitu ilifanya."

Pasta Élie alikohoa. Aliposemeshwa kuhusu gari la Gad, alieleza kwa upole na kwa kirefu: linavuka mto, taa inawaka, linazimika, linakauka, linaamka. Alisema alilishuhudia mwenyewe akiwa anapita kwa miguu.

Ikafika zamu ya Gad kueleza gari la Dieumerci. Hakueleza. Alikuwa akiwatazama wenzake wawili kwa zamu, mdomo wazi.

"Bandugu," alisema, "kile munasema hapa kiko mu yangu. Yote. Ata ile taa. Mi nilizania ni juu nilibebaka bandama, mukojo ikaingia mu chuma."

"Mi nilizania ni mayi ya samaki," alisema Dieumerci.

Wote wawili wakamgeukia pasta. Pasta alifikiri kidogo. "Mi nilizania," alisema, "Mungu iko ananifundisha kitu."

Walicheka hadi fundi mitambo akalazimika kupunguza sauti. Bandama, kwa wasiojua lugha ya Gad, ni ndama. Mtu mmoja alipiga simu kutoka Makobola kuuliza kama kipindi kimekuwa cha vichekesho siku hizi. Hakuna hata mmoja aliyelisema vibaya gari lake mwenyewe kabla ya kusikia kwamba liko pia kwa jirani, na baada ya hapo haikuwa aibu tena. Kumbe ubovu ulikuwa mmoja. Fundi aliyeitwa kesho yake, mara hii mbele ya uzio, aliuonyesha: plagi moja ya nyaya ilikuwa imewekwa chini mno, nyuma ya gurudumu la mbele, mahali ambapo huko ilikotengenezwa pengine maji hayafiki. Ikilowa, injini inajizima ili kujilinda. Haikuwa ndama, wala samaki. Kuhusu la tatu, pasta alisema bado analifikiria.

Clarisse aliisikiliza redio akiwa kituoni, begi likiwa limeshafungwa. Alilifungua. Wanakamati wawili walimkasirikia, kwa sababu walikuwa wameshawaambia watu tarehe ya sherehe.

Hapa Mama Constance angeweza kuishia, na kipindi kingekuwa kizuri. Hakuishia. Alimpigia muuzaji wa Uvira ili naye ajieleze, akasikia jibu ambalo wale watatu walikuwa wameshapewa kila mmoja kwa wakati wake: kwamba hajawahi kupata lalamiko kama hilo. Alhamisi ya tatu aliwasafirisha wote hadi dukani kwake, pamoja na Clarisse na kinasa sauti. Ni vigumu kumwambia mtu kwamba yeye ndiye wa kwanza kulalamika wakati wenzake wawili wamesimama nyuma yake wamekunja mikono. Muuzaji hakujaribu. Tumsifu pia kwa haki: alipiga picha, akaandikia kiwanda siku hiyo hiyo, na kiwanda kilijibu. Baada ya miezi mitatu vifaa vilifika, plagi zikahamishwa juu na kufunikwa vizuri, bila mtu kutozwa chochote. Magari yale matatu yanatembea mpaka leo. Wenyewe wanayalalamikia hadharani kwa raha zote: viti ni vigumu, redio yake inachagua stesheni inazozipenda.

Clarisse alinunua Allemand baada ya yote hayo, kwa sharti moja. Kabla ya kulipokea, muuzaji alivushe mwenyewe mto wa kwanza wa barabara ya Lubondja, kwenda na kurudi, kamati ikiwa imesimama ukingoni. Mama Constance alitangaza tukio hilo moja kwa moja kwa simu. Muuzaji alivua viatu kwanza, akaviweka juu ya dashibodi, jambo ambalo halikuipa kamati imani. Alivuka. Alingoja ng'ambo ya pili, injini ikinguruma. Alirudi. Taa ya manjano haikuwaka. Ndipo mchungaji wa kijiji alipoitwa aje kuweka mkono juu ya boneti. Kule Lubondja tangu siku hiyo gari hujaribiwa mtoni kwanza, na kuombewa baadaye.

Kutokana na habari hiyo tumebaki na kanuni ya chumba cha habari, ambayo Mama Constance amewafundisha waandishi wote walioingia baada yake: muulize jirani, kisha rudi kwa mwenyewe. Nusu ya pili ndiyo aliyoisisitiza zaidi. Wanafunzi wake wanafanya kazi leo Uvira, Bukavu na hata ng'ambo ya ziwa, na wote wameshawahi kurudishwa mlangoni kwa kuisahau.

Katika kuandaa ukurasa huu tuliifuata. Tulimuuliza Mama Constance anajisikiaje kustaafu. Alijibu, "Mi niko muzima." Tukaenda kwa jirani yake, Mama Félicité, ambaye alitueleza mambo mawili. La kwanza ni kwamba magoti hayamtii tena asubuhi. Tukarudi kwa mwenyewe na yote mawili. Alisikiliza, akasema, "Magoti, muandike. Ile ya pili, muiache."

Tumeiacha.

Anahamia Lubondja, kwenye shamba la marehemu mume wake. Vyombo vyake vitabebwa Jumamosi na gari la kituo cha afya, ambalo Clarisse amemwazima kwa siku moja ambayo, anaomba, mama yeyote asijifungue kabla ya saa nane. Limechakaa sasa. Mlango wa nyuma unafungwa kwa kamba. Akina mama waliovushwa nalo wameshakuwa wengi kiasi kwamba Clarisse hawahesabu tena, na halijawahi kumwacha hata mmoja majini.

Mama Constance, asante kwa miaka yote hiyo, kwa maswali uliyouliza na kwa yale uliyorudi kuyauliza tena. Tunakuombea mvua kwa wakati wake, muhogo usiooza, magoti yenye subira na majirani wasiojua kunyamaza. Ukishavuka mto, tupigie simu. Alhamisi bado kuna kipindi, na tutahitaji kujua hali ya barabara.