Leonsia Kokugonza na Saa ya Mwalimu Bagenda

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni kidogo kelele za sufuria huko jikoni, mtusikilize. Leo tunamkumbuka mama mmoja wa Mabatini, hapa hapa Mwanza. Jina lake Leonsia Kokugonza. Ametutoka akiwa na miaka sitini na tisa. Alistaafu kazi ya kupiga chapa ofisini, akaanza kazi ambayo hakuna aliyemtuma: kufungua simu na kuzifunga tena. Leonsia Kokugonza wa Mabatini, mpiga chapa mstaafu. Huyo ndiye wetu leo.

Nimesema kuzifunga tena, lakini tusidanganyane. Mwanzoni alifungua nyingi kuliko alizofunga. Binti yake, Precious, ametuambia hivi: "Mama akikwambia lete niitazame hiyo simu, iage kabisa." Meza ya chakula ilijaa vifuniko vya soda, kila kifuniko na skrubu za simu moja. Kioo kilichong'ang'ania gundi alikilegeza kwa pasi, akitanguliza kitambaa. Siku moja alichomeka ukutani kitu alichokiunda mwenyewe, umeme ukakatika nyumba nne. Leonsia akatoka nje na kuuliza, "Jamani, na kwenu?" kama vile hajui lolote.

Wenzake walitazama tamthilia. Yeye alitazama video za vijana wakieleza jinsi ya kuandika programu, akizisimamisha kila sentensi ili anakili. Ngosha, fundi simu wa pale Mabatini, ndiye aliyempa simu mbovu za kujifunzia. "Yule mama alikuwa anauliza," anasema Ngosha, "mpaka nikaanza kujisomea nisije nikaumbuka."

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penyewe. Leonsia alikuwa na kaka yake, Mwalimu Bagenda. Mwalimu alifundisha hesabu shule ya msingi kwa miaka thelathini na minne. Kisha ugonjwa wa macho ukamwacha haoni kabisa. Mkewe alishatangulia mbele ya haki. Mwalimu akabaki peke yake katika nyumba yake Mabatini, na hivyo ndivyo alivyotaka. Mzee haoni, lakini anajitegemea.

Alikuwa anameza dawa ya presha mara tatu kwa siku. Saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Simu yake ilikuwa inataja saa, ila ilizitaja kwa namna ya ratiba za ndege: "Saa kumi na nne." Mwalimu ilibidi atoe sita kichwani ndipo ajue kuwa ni saa nane. Ukiwa umechangamka, hilo ni jambo dogo. Lakini ukitoka usingizini mchana, na huoni jua liko wapi? Siku moja alikosea hesabu, akameza dawa mara mbili, akaanguka uani. Majirani wakambeba.

Mwanawe mkubwa, Jovinary, alikuja mbio kutoka kijijini kwao Muleba. Akaitisha kikao cha ukoo. Jovinary si mtu mbaya, wasikilizaji. Aliogopa.

"Baba tunamrudisha Muleba," alisema. "Chumba kipo, na mtu wa kumwangalia yupo."

 Leonsia alikuwa ameketi ubavuni pa kaka yake. Moyo ukamuuma. Mtu aliyewafundisha nusu ya mtaa kuhesabu, leo anahamishwa kama kabati!

"Nipeni siku thelathini," akasema.

"Za nini, shangazi?"

"Siku thelathini, vidonge tisini. Kikibaki kimoja, au akimeza kimoja cha ziada, mchukueni. Sitafungua mdomo."

Jovinary akamheshimu shangazi yake. Akakubali.

Leonsia akachukua simu kuukuu ya Ngosha na kompyuta yake isiyo na betri. Akajifungia ndani ya kabati la nguo ili honi za Mabatini zisiingie, akarekodi sauti yake mwenyewe. Alirekodi namba zote, kuanzia sifuri hadi hamsini na tisa, kwa sababu ya dakika. Kisha akaandika programu. Chukua saa ya simu, toa sita. Jibu likizidi kumi na mbili, toa kumi na mbili tena. Akaijaribu saa nane mchana, sawa. Akaijaribu saa nne usiku, sawa. Akampelekea kaka yake, kifua mbele.

Asubuhi ya kwanza, Leonsia akapigiwa simu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Leonsia, saa sifuri ndiyo saa gani?"

Leonsia akaketi kitandani.

"Kidude chako kimeniambia: Kaka, ni saa sifuri, meza dawa. Saa sifuri sijawahi kuifundisha. Mimi simezi."

Jamani! Siku ya kwanza, kidonge cha kwanza! Leonsia alitoka na kitenge juu ya gauni la kulalia, ndala moja yake, nyingine ya Precious, kompyuta kwapani. Simu huiita asubuhi ile saa sita. Sita ukitoa sita, unabaki na nini? Hapo ndipo alipojikwaa.

"Nimekuponza, kaka," alisema, na machozi yakamlenga.

"Hujaniponza. Hata darasa la tatu hukosea hapo hapo. Jibu likiwa sifuri, au pungufu ya sifuri, jumlisha kumi na mbili."

Leonsia akaandika. Mwalimu akabonyeza. "Kaka, ni saa kumi na mbili na dakika ishirini na moja asubuhi. Meza dawa." Mwalimu akameza, kisha wakacheka wote wawili mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Siku thelathini zilipokwisha, Jovinary alifika. Akafungua boksi la dawa. Tupu. Akamuuliza jirani, akaambiwa mzee hajayumba hata mara moja. Wakaenda kupima presha, imetulia. Vidonge tisini, siku thelathini, mtu asiyeona, peke yake.

"Shangazi, umenishinda," alisema Jovinary.

"Si mimi, mwanangu. Hesabu za baba yako ndizo zilizokushinda."

Mabatini ilipiga vigelegele. Leonsia akanunua kreti ya soda, akawaambia watu wanywe haraka, maana yeye anataka vifuniko. Baadaye wazee wengine kumi na mmoja wakatengenezewa simu kama ile. Mzee Otuoma wa Kirumba alitaka yake iseme Kijaluo, na binti yake Achola akaingizwa kabatini kurekodi.

Leonsia Kokugonza alifariki wiki mbili zilizopita, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Alizikwa Muleba. Matanga yalipoanuliwa, Jovinary alimsogelea baba yake.

"Baba, shangazi hayupo. Simu ikiharibika, nani atakutengenezea?"

"Alinifundisha kuifungua," Mwalimu alijibu. "Ina skrubu nne. Nazijua kwa vidole."

 Kesho yake Jovinary akampeleka baba yake stendi, akamkatia tiketi ya kurudi Mwanza.

Tunampa pole Precious, tunampa pole Jovinary, tunaupa pole ukoo wote, Muleba na Mwanza. Nanyi wasikilizaji wapendwa, tafakarini. Nyumbani kwenu yupo mzee mliyemwambia hawezi? Je, ni yeye asiyeweza, au ni kifaa mlichompa kisichomwelewa? Kabla hamjamhamisha, kaeni naye mezani. Pengine jibu analo yeye.

Na Mwalimu Bagenda, najua unatusikiliza, umekaa kwako Mabatini. Pole sana, mzee wangu. Hapa studio ni saa nane kamili mchana. Nanyamaza kidogo, umeze dawa.