Gitaa Lisilo na Umeme

“Dethi metali, mama. Yaani muziki wa kifo,” mpiga gitaa alimjibu mama mtu mzima aliyeketi naye kwenye basi.

“Kumbe unapiga misibani!”

“Hapana. Ni makelele tu. Mwaka wa kumi na tisa huu nayapiga.”

“Na wenzako wa bendi?”

“Wameoa.” Alisema kama anayetaja ugonjwa uliowaua.

“Hebu nipigie, mwanangu.”

Gitaa la umeme bila spika halishtui hata nzi, lakini alilitoa, vidole vikakimbia kama vinafukuzwa. Mama akainama, akabandika sikio kwenye mbao. Tangu bendi ivunjike, hakuna aliyemsogelea hivyo.

“Linanung’unika,” mama akasema. “Nani kalikosea?”

Basi likasimama. Kilikuwa kituo cha mpiga gitaa, ila hakuinuka. Sikio lilikuwa bado pale.