Picha Iliyopinda ya Bwana Tulia

Ndugu waombolezaji, hebu pateni picha ya chumba chenye ubaridi, meza ndefu ngumu, na nyuma ya kioo mtu mwembamba anayesema, "Tulia, usipumue," kwani hapo ndipo baba yetu, mliyemwita Bwana Tulia, alipofanya kazi miaka thelathini na minne.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi seremala, akamaliza sekondari mwaka 1970, akahitimu chuo cha afya na kuajiriwa kama mpiga picha za eksirei tarehe 1 Julai 1974, na tarehe 6 Mei 1978 akafunga ndoa na mama yetu, muuguzi, wakajaliwa watoto wanne.

Linalofuata aliagiza mwenyewe lisomwe, akisema, "Msinipambe kama bibi harusi, semeni na lile." Tarehe 9 Juni 1987 aliletewa binti wa miaka kumi na tisa, mwokaji mikate, aliyeumwa kinena kila akisimama, wenzake wakimtania kwamba ana nyonga za bibi kizee. Nyonga njema hukaa kama chungwa ndani ya bakuli, yake ilikaa kama chungwa juu ya kisahani, lakini alilala amejipinda kukwepa maumivu, na kiuno kikipinda, pichani kisahani huweza kuonekana bakuli. Baba aliona amepinda, ila foleni ilikuwa imefika mlangoni, akapiga hivyohivyo, daktari akaandika kwamba ni mzima, binti akarudi kwenye tanuri.

Mwaka 1994 alirudi kwa magongo, daktari mwingine akaitaka picha ya zamani, baba akaikuta kwenye bahasha yake, akaitazama, akaona aibu, akasema imepotea. Tangu hapo kila kijana mwenye maumivu ya nyonga alimnyoosha mara mbili kabla ya kumpiga picha, hata wenzake wakamcheka kwamba anapima suti, lakini bahasha ile ilikaa kabatini kwetu chini ya mashuka, nasi hatukujua.

Figo zilipoanza kumshinda, Februari mwaka huu, alimwita nyumbani yule binti wa mikate, sasa mama mtu mzima, akamkabidhi bahasha kwa mikono miwili, akalia. Mama huyo aliiinua picha dirishani, akaitazama sana, akasema, "Mzee, mimi nimekusikia, ila nyonga yangu haijasikia," akaondoka nayo. Leo amekuja, tumempa kiti kwa kuwa hawezi kuketi chini, na mbele yake sisi wana tunainamisha vichwa.

Baba alifariki Jumanne, tarehe 2 Agosti, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na mmoja. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliotuletea viti na maji, na wenzake wa chumba cha eksirei. Baba, umeyasema, sasa pumzika kwa amani. Nanyi, tafadhali, kumbukeni jambo moja tu: kijana akisema nyonga inamuuma, msimcheke kwa umri wake, mpelekeni akapigwe picha, na apigwe amenyooka.