Nakato Aliyekataa Kuandikwa Marehemu

Ndugu waombolezaji, Padri wetu, maafande, majirani wa marehemu kutoka Bugembe na jamaa mliotoka Mbale, mimi ni Semei, mdogo wa mume wa marehemu, na ukoo umenipa kazi ya kusoma haya.

Topista Nakato alizaliwa hapa Buwenge tarehe 14 Aprili 1957, nyuma kidogo ya pacha wake Babirye, nao walifanana mno hata mama yao aliwatofautisha kwa kuwasikiliza, kwa sababu Nakato ndiye aliyebisha. Alisoma shule ya msingi Buwenge na sekondari Jinja, akamaliza mwaka 1975, na tarehe 3 Februari 1978 akawa askari magereza, kazi aliyoifanya Jinja na Mbale hadi alipostaafu mwaka 2012, na huko ndiko alikopata Kiswahili alichokitumia kutuamrisha sote nyumbani.

Tarehe 20 Desemba 1980 alifunga ndoa na kaka yangu Mafabi wa Malukhu, kule Mbale, ambaye siku ya posa alimpa Babirye zawadi kabla ya kusahihishwa, wakajaliwa watoto wanne na wajukuu tisa.

Babirye alifariki tarehe 9 Juni 2021. Machi 2023 Nakato alikwenda ofisi moja mjini Jinja kubadilisha kitambulisho, mashine ya kutambua nyuso ikamwona kuwa ni pacha wake, na binti wa zamu, Jaliah, akamwambia kwa upole kwamba mashine inasema mama alishakufa, naye akajibu kwamba basi iambiwe itoke nje wasalimiane. Watu walicheka, lakini bila kitambulisho hakuweza hata kusajili laini ya simu, na kila aliporudi aliambiwa kwamba mashine haibishiwi. Alirudi kwa miezi kumi na mmoja, akiwa na jirani yake Zulaika kama shahidi, akiomba mtu mmoja tu wa kumsikiliza, hadi mkuu wa ofisi alipoketi naye, na kabla chai haijapoa jambo likaisha.

Oktoba 2024 mawakili walifika Mbale kueleza mkataba wa kimataifa wa akili mnemba na haki za binadamu, ambao nchi kadhaa za mbali zilikuwa zimeanza kuutia saini mwezi uliotangulia, na waliposoma kwamba mtu aliyeumizwa na uamuzi wa mashine apate njia ya kuupinga, Nakato alisimama, akapiga saluti, akaomba maneno hayo yasomwe tena, kwa Kiswahili. Tangu hapo aliwasindikiza ofisini wazee ambao jembe limefuta alama za vidole vyao hata mashine haiwatambui, akiwafundisha kusema, "Naomba mtu."

Mei 2025 alianza kuugua moyo, akafariki hospitalini Jinja tarehe 2 Agosti 2025, na safari hii tumethibitisha wenyewe. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, maafande wenzake, Zulaika na majirani wote, na kaka yangu Mafabi aliyekubali azikwe hapa, kando ya pacha wake.

Jumatatu tulipopeleka taarifa ya kifo ofisini, Jaliah aliiacha mashine, akatoka nje, akatusalimia mmoja mmoja, akauliza kama kweli ni yeye, na leo ameketi pale pamoja na Zulaika.

Afande, mtu ametoka. Pumzika kwa amani kando ya Babirye, kila mmoja chini ya jina lake.