Kiti Kisicho na Sahani

Padri, jamaa na majirani, mimi Nestorio, mdogo wa marehemu, nimepewa kazi niliyoikimbia tangu juzi, ya kuwasomea maisha ya dada yetu, Consorcia Palaña Merilo, tuliyemzoea kwa jina la Osyang.

Alizaliwa tarehe 3 Februari 1958 hapa Tanauan, kisiwani Leyte, Ufilipino, akasoma hadi darasa la sita, kisha akashika kazi ya mama ya kupika binagol, magimbi na tui la nazi ndani ya kifuu, na sisemi hivi kwa kuwa amekufa, hakuna aliyemfikia. Aliolewa na Teofisto Merilo tarehe 12 Mei 1984, wakajaliwa Anselmo, tuliye naye hapa, na Divina.

Tarehe 8 Novemba 2013 tufani ilipiga, bahari ikapanda ikaingia ndani ya nyumba, ikawachukua Teofisto na Divina. Teofisto tulimzika, Divina hatujampata mpaka leo. Baadaye dada akaelezwa kwamba bahari ikipata joto tufani huwa kali zaidi, na kwamba wako wenye makampuni waliochimba na kuuza makaa ya mawe na mafuta vizazi na vizazi, wakajua mapema moshi wake unafanya nini, wakanyamaza. Hakuomba fidia, alitaka mmoja wao aketi mbele yake alisikie jina la Divina.

Mwaka 2018 alikwenda Manila kutoa ushahidi mbele ya baraza la haki za binadamu lililokuwa likiyachunguza makampuni hayo, akakuta viti vyao vitupu, wametuma wakili kusema hawahusiki. Alikuwa amewabebea binagol, maana kwetu hatumwendei mtu mikono mitupu, lakini aliipakata asiiweke mezani, na mwenyekiti alipomuuliza sababu, alijibu: “Mheshimiwa, kwetu anayepakuliwa chakula mbele ya kiti kitupu ni maiti. Hawa hawajafa. Waite waje.”

Baraza liliamua kwamba wanaweza kuwajibishwa, sisi tukashangilia, yeye akauliza tu kama wamekuja. Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021, na tarehe 19 Agosti 2023, hospitalini Tacloban, aliniuliza tena kama wamekuja, nikamwambia bado, akafariki asubuhi hiyo. Inaniuma mpaka sasa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliokuna nazi tangu msiba uingie, na wapishi wenzake wa sokoni.

Dada, pumzika sasa, sahani yako tumeipakua, ya Teofisto na ya Divina ziko kando yako, na kiti cha nne, cha wale wenye makampuni, tumekiacha bila sahani, kama ulivyotuagiza, kwa kuwa wenyewe wangali hai.